Gari la kale ukilitia breki za diski, altaneta na ignisheni ya kielektroniki, bado ni lile lile?

#1 KitabuChaKiwanda
Wakuu, salaam. Naanza na dai, mawe mtanipiga baadaye.

Gari la kale ni ushahidi. Linaonyesha watu wa mwaka fulani walijua nini, walikuwa na chuma gani, na walikosea wapi. Ukitoa dinamo ukaweka altaneta, ukatupa platini (vile vigusano vya kukatia umeme wa cheche) ukaweka moduli ya kielektroniki, ukaondoa breki za ngoma mbele ukafunga diski, umebaki na ganda: sura ya 1958, tabia ya 1995. Hilo mimi siliiti kuhifadhi.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, linataka gari liwe na miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi kihistoria, na lisiwe usafiri wa kila siku. Hiyo "hali sahihi" ninyi mnaichorea mpaka wapi?

#2 VoltiSita
Naweka kambi hapa.

#3 BintiSpana
Mleta uzi, umetia mambo matatu kwenye gunia moja. Kuna vitu vya kuisha: tairi, mikanda, mipira ya maji, lainingi za breki. Hakuna anayedai mpira wa 1958. Kuna vitu vya kufunga kwa bolti, kama hiyo altaneta. Na kuna kukata na kuchomelea.

Mkataba wa Turin, ambao FIVA waliupitisha 2012, haukatazi mabadiliko yote. Unataka badiliko lililolazimika liwe dogo, liweze kurudishwa nyuma, na liandikwe. Kwa hiyo altaneta iliyokaa kwenye breketi yake, dinamo imefungwa kwa plastiki na lebo kwenye kabati, ni kazi ya saa moja kurudisha. Tundu ulilokata kwenye dashibodi kwa ajili ya redio ya kisasa halirudi. Ukiliziba, patabaki bati lililochomelewa.

#4 MzeeKaburata
Mimi nasema nusu ya hayo mabadiliko yanatokana na uvivu wa kutafuta ugonjwa. Mfano mmoja tu: kaburata mbili za SU zinatolewa, inafungwa Weber moja, eti "SU hazitulii". SU ina pistoni moja, sindano moja na jeti moja. Kinachokufa ni tundu la spindo ya throto. Spindo ikishalegea, hewa inaingia pembeni, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi) inapanda na kushuka, na ukirekebisha mikscha ya petroli na hewa leo, kesho imehama.

Kipimo: injini ikiwa moto na imetulia, pulizia kisafisha kaburata kidogo kwenye ncha za spindo, mbali na egzosi. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Dawa yake ni kutoboa na kuweka bushi mpya na spindo mpya, halafu kulinganisha mivuto ya kaburata zote mbili kabla ya kugusa mikscha. Angalia na mafuta ya juu ya pistoni. Yakikauka, gari linakohoa ukikanyaga ghafla. Hiyo Weber itakuja nayo itachakaa spindo. Utaweka nini tena?

#5 NgomaTupu
Mzee kanena. Na breki hivyo hivyo. Kabla hujazifukuza ngoma, zitendee haki.

Lainingi mpya huchongwa kwa mduara wa ngoma mpya. Ngoma yako imeshapigwa leith mara mbili, imepanuka, kwa hiyo kiatu cha breki kinagusa katikati tu. Pakaa chaki kwenye lainingi, rudisha ngoma, izungushe huku mwenzio amegusa pedali kidogo, fungua utazame. Chaki ikifutika katikati peke yake, viatu vinatakiwa visagwe vifuate mduara wa hiyo ngoma.

Kisha pima kipenyo. Ngoma nyingi mwisho wake ni kama milimita 1.5 juu ya kipimo cha kiwandani. Zaidi ya hapo ukuta umekuwa mwembamba, unapata joto upesi, ngoma inatanuka na kukimbia viatu, pedali inashuka. Jambo jingine, lainingi za leo hazina asbesto na nyingi ni ngumu kuliko za zamani, ndiyo maana mguu unachoka. Agiza laini.

Marekebisho: kaza adjasta hadi gurudumu ligome, kanyaga pedali viatu vikae sawa, kaza tena, ndipo ulegeze kidogo kidogo hadi gurudumu lizunguke. Wengi wanaruka hatua ya kukanyaga, halafu wanalaumu kiwanda.

#6 SaketiMbili
@NgomaTupu yote sawa, lakini hujagusa penye hatari. Masta silinda ya zamani ina saketi moja. Paipu moja ikipasuka, popote ilipo, pedali inafika chini na magurudumu yote manne hayana breki. Hapo chaki haikusaidii. Mimi ningeacha ngoma, nikabadilisha masta silinda iwe ya saketi mbili, na paipu za chuma ziwe za kupronikeli ambazo hazili kutu.

Na hao wa diski wakumbuke: masta silinda ya ngoma mara nyingi ina valvu inayobakiza shinikizo kidogo ndani ya paipu, kama psi 10, ili midomo ya silinda za magurudumu isivute hewa. Ukiiacha kwenye saketi ya diski, pedi hazirudi. Gari linaburuta breki, diski zinakuwa nyekundu, na fundi anaanza kulaumu kalipa. Pia kalipa linahitaji mafuta mengi kuliko silinda ya ngoma, kwa hiyo pedali inakwenda mbali. Mbele kukishakuwa na nguvu namna hiyo, uwiano na nyuma umevurugika.

#7 KitabuChaKiwanda
Saketi mbili naikubali kwa shingo upande.

#8 Nati_Kumi
Mimi nina kanuni yangu: ruhusa ni kwa kile ambacho kiwanda chenyewe kilikuja kukiweka baadaye kwenye modeli hiyo hiyo. Beetle za soko la Marekani za 1967 zilikuja na volti 12 na saketi mbili. Gari la MGB lilihamia altaneta na hasi ya betri kwenye bodi mwishoni mwa 1967. Ukichukua ya mwaka mmoja nyuma ukaifungia vitu hivyo, umefanya walichofanya wao.

#9 KitabuChaKiwanda
Hapo umefuta historia kwa kutumia historia, mkuu. Gari la mwaka wa mwisho wa dinamo lina thamani kwa sababu hiyo hiyo, ni la mwisho.

#10 HidroliKijani
Kanuni ya @Nati_Kumi ina mtego pia. Citroën DS za awali zilitumia LHS, yale mafuta mekundu ya hidroliki. Kuanzia 1966 kiwanda kikahamia LHM ya kijani, ambayo ni ya madini, haivuti unyevu. Mtu anasoma hivyo, anamwaga nyekundu anaweka kijani, "si kiwanda kilifanya?" Kiwanda kilibadilisha na mipira yote! Mpira wa LHS ukionja LHM unavimba, na wa LHM ukionja LHS unaharibika vilevile. Ni pampu, akumuleta, silinda za breki, kila kitu. Kwa hiyo "kiwanda kilifanya" inakutaka ufanye kazi nzima aliyofanya yeye.

#11 TairiTubu
Wakati mnagombana kuhusu breki, tazameni kilicho chini. Ukiweka redio mbele na krosplai (tairi za zamani za nyuzi za kupishana) nyuma, umetengeneza gari la kuzunguka lenyewe kwenye kona. Kama lazima uchanganye, redio ziende nyuma. Bora zote nne zifanane. Na rimu za zamani nyingi hazina lile tuta dogo la kushikilia ukingo wa tairi, kwa hiyo tyubu inabaki hata kama tairi limeandikwa halihitaji. Umri usiuangalie kwa kashata za tairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka.

#12 DerevaMgeni
Samahani, "redio" hapo ni tairi au muziki?

#13 TairiTubu
😂 Tairi, mkuu. Redieli. Simu inanisahihisha kwa nguvu.

#14 DerevaMgeni
Ahsante. Swali basi: bloku ya chuma cha kutupwa, hedi ya chuma pia, miaka ya 60, inachemka kwenye foleni, barabara kuu iko poa. Nimeshauriwa feni ya umeme. Ni kuharibu asili?

#15 Nati_Kumi
Rejeta imeziba. Gusa mistari yake injini ikiwa moto. Palipo baridi ndipo palipoziba.

#16 MzeeKaburata
Kabla ya rejeta, taimingi ya cheche. Ikiwa imechelewa, moto unamalizikia kwenye egzosi, hedi inabeba joto. Wengi waliichelewesha makusudi walipopata petroli dhaifu ili injini isigonge, wakasahau kurudisha. Na kama diaframu ya vakyumu kwenye distribyuta imepasuka, kwenye sailensa na gesi ndogo taimingi inakuwa nyuma daima. Ivute kwa mdomo kwenye kipira chake. Isiposhikilia mvuto imekufa.

#17 SaketiMbili
Foleni moto, barabara kuu poa: hiyo ni hewa haipiti gari likisimama. Feni imefungwa nyuma mbele? Mkanda unateleza? Kava ya feni ipo? Watu wanalitoa lile bati la pembeni "linasumbua kufikia mkanda", kisha hawalirudishi.

#18 NgomaTupu
Au matope ndani ya bloku yenyewe, nyuma kwenye silinda ya mwisho. Rejeta mpya haiwezi kusaidia hapo. Toa plagi ya kumwagia maji ya bloku. Ikitoka bila maji kufuata, chokoa kwa waya utaona kinachotoka.

#19 Mikscha
Hakuna aliyetaja petroli. Petroli ya E10 ina etanoli hadi asilimia 10, na etanoli inakuja na oksijeni yake. Kaburata iliyopimwa kwa petroli tupu inakuwa kama asilimia 4 pungufu ya mafuta. Mikscha konda, joto. Toa plagi uone: nyeupe kama chokaa, ongeza jeti au shusha ile ya SU.

Na mipira ya mafuta ya zamani inalainika kwa etanoli, inatoa vipande vyeusi kwenye bakuli la kaburata. Badilisha yote kwa ile yenye alama SAE J30 R9. Kwa nje ni mpira mweusi uleule, hata jaji wa maonyesho haoni kitu. Hilo nalo ni kuharibu asili, @KitabuChaKiwanda?

#20 KitabuChaKiwanda
Mpira ni kitu cha kuisha. @BintiSpana kashasema.

#21 RisasiMoja
Tukiwa kwenye petroli, msisahau: kila injini ya zamani lazima iongezewe dawa ya risasi (ledi, iliyokuwemo kwenye petroli ya zamani), la sivyo siti za valvu zinaliwa.

#22 MzeeKaburata
Si kila injini. Hedi ya alumini ilizaliwa na siti za kupachikwa, na nyingi ni ngumu za kutosha. Tatizo ni hedi ya chuma ambayo siti imechongwa humo humo, na hasa valvu za egzosi. Valvu inashindiliwa, inazama ndani, nafasi ya tapeti inapungua. Ndiyo maana ukipima tapeti ukakuta nafasi *imepungua* bila kuguswa, siti inaliwa. Ikifika sifuri valvu haifungi, inaungua.

Wengine wanasema risasi iliyokaa miaka mingi kwenye siti inaendelea kulinda mpaka siku ya kusagwa. Wengine wanasema ni mwendo tu: anayetembea polepole haoni kitu, anayeshika mizunguko 4,000 saa nzima anaona mapema. Mimi napima tapeti kila kilomita 3,000 naandika. Siti ngumu nitaweka siku hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine.

#23 VoltiSita
Umeme mmeuruka. Hapa ndipo watu wanaunguza vitu.

Kugeuza gari kutoka chanya kwenye bodi kwenda hasi si kugeuza betri pekee. Geuza nyaya ndogo za koili. Geuza ampmita. Dinamo ya Lucas ipe polariti upya: chomoa waya wa F kwenye dinamo, chukua waya kutoka terminali hai ya betri, gusa F mara mbili tatu kwa haraka, cheche ndogo, basi. Usipofanya hivyo inachaji kinyume. Takometa ya umeme inahitaji kubadilishwa ndani. Redio ya zamani iondoe kabisa kabla, ikigeuziwa polariti ndiyo mwisho wake.

Taa: wengi hununua balbu za LED kwa sababu taa ni hafifu. Pima volti kwenye balbu yenyewe, si kwenye betri. Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10, zote zikipita kwenye swichi ya dashibodi ya miaka 60. Ukikuta volti 10.5 badala ya 12, balbu imepoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Rilei mbili zilizofichwa nyuma ya grili, waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi yake, swichi ya zamani ikabaki kuamrisha tu. Hakuna tundu jipya, na swichi inadumu.

#24 Nati_Kumi
Na moduli ya ignisheni?

#25 VoltiSita
Inakaa chini ya kifuniko cha distribyuta, nje unaona waya mmoja wa ziada. Haijali shafti iliyolegea kama platini zinavyojali. Ila ikifa, inakufa bila kuaga. Platini zinaanza kulalamika wiki nzima. Ukiweka moduli, beba bamba la platini zilizokwisha kusetiwa, milimita 0.35 hadi 0.40 kwa distribyuta ya Lucas 25D, pamoja na kondensa *ya zamani iliyojaribiwa*. Kondensa mpya nyingi hazifai, zinakufa zikipata moto. Wanaodhani platini ndizo mbovu mara nyingi walikuwa na kondensa mbovu.

#26 MzeeKaburata
Ndiyo nilichosema kwenye #4. Kondensa mbovu, gari zima linabadilishwa.

#27 BintiSpana
Turudi kwa swali. "Bado ni lile lile" lilishafika mahakamani. Uingereza, 1990, kesi ya Bentley Speed Six "Old Number One", iliyoshinda Le Mans 1929 na 1930. Mnunuzi alikataa kumaliza kununua, akisema gari lile halipo tena, limebadilishwa kila kitu. Kweli vipande vya 1929 vilikuwa vichache mno. Jaji Otton hakukubali kuliita orijino, lakini akaamua ni Old Number One halisi, kwa sababu halikuwahi kukoma kuwepo. Lilibadilishwa kidogo kidogo likiwa kazini, na historia yake haikukatika.

#28 KitabuChaKiwanda
Umeona? "Si orijino." Ahsante.

#29 BintiSpana
Umeona? "Halisi." Karibu.

#30 SaketiMbili
Na ofisi za usajili nazo zina hesabu zao. Kwa miaka mingi Uingereza walitumia pointi, gari likitakiwa kufikisha angalau 8: chasisi au bodi ya asili pointi 5, saspensheni 2, akseli 2, giaboksi 2, stiaringi 2, na injini pointi 1 tu. Sisi tunauana kwa namba za injini zinazolingana, kwao injini ndiyo ilikuwa ya mwisho.

#31 Nati_Kumi
Sokoni ni kinyume. Ndiyo maana watu wanasaga bloku na kugonga namba upya. Tazama uso uliogongwa namba: kiwandani uso unakuwa na mikwaruzo ya mashine iliyochonga bloku, inapita chini ya namba bila kukatika. Uso laini kama kioo wenye namba zinazong'aa, kimbia.

#32 RangiYaSelulosi
Hakuna aliyegusa rangi, na rangi ndiyo hairudi kabisa. Gari linapakwa kiwandani mara moja. Kipimo cha unene: rangi ya kiwanda kwa kawaida ni mikroni 80 hadi 150. Ukiona 250, imerudiwa. Ukiona 800, kuna pati chini. Kujua ni aina gani, chukua kitambaa cheupe chenye tina ya selulosi, sugua mahali pa siri kama ndani ya kifuniko cha buti. Selulosi inayeyuka na kutia kitambaa rangi, ya vijenzi viwili haisumbuki. Ukipulizia selulosi juu ya rangi usiyoijua, utaona makunyanzi jioni hiyo hiyo.

Majaji nao wamehama. Pebble Beach, Marekani, 2024, gari bora la maonyesho lilikuwa Bugatti Type 59 Sports ya 1934 ambayo haikurekebishwa, mara ya kwanza gari la kundi la uhifadhi kushinda hapo.

#33 NgomaTupu
Basi tuyatupe yote ziwani. Si kuna ile Bugatti Brescia iliyotolewa ziwa Lago Maggiore 2009 ikabaki hivyo hivyo na kutu yake?

#34 RangiYaSelulosi
Cheka tu 😂 Ila kuhifadhi patina, yaani alama za uzee wa gari, si kuachia kutu itembee. Osha, kausha kabisa, ondoa magamba yanayolegea kwa mkono, kisha nta. Ndani ya milango na sili pulizia nta ya mashimo kupitia matundu yaliyopo, na uhakikishe matundu ya kutolea maji hayajazibwa nayo. Usipulizie klia (vanishi isiyo na rangi) juu ya kutu! Unyevu unabaki chini, kutu inatambaa kama mizizi, na mwaka unaofuata klia inabanduka na rangi ya asili iliyokuwa imebaki.

#35 Mikscha
Na waliotia mota ya umeme? Jaguar wenyewe walionyesha E-type ya umeme 2017.

#36 KitabuChaKiwanda
FIVA wanasema hilo si gari la kihistoria tena kwa tafsiri yao. Hapo angalau nina wenzangu.

#37 BintiSpana
Waliongeza pia: ukifanya hivyo, tunza kila kilichotolewa ili gari liweze kurudi. Usisome nusu.

#38 SaketiMbili
Kabla uzi haujalala, jambo la uhai. Anayechanganya breki za zamani na vipande vipya: nati ya paipu ya 3/8 UNF inaingia kwenye tundu la M10 x 1. Nyuzi zinakaribiana, 24 kwa inchi dhidi ya 25.4, na kipenyo kinatofautiana nusu milimita. Inaingia kwa vidole ikiwa legelege, inaonekana kukaza, haivuji kwenye majaribio. Siku ya kukanyaga kwa nguvu inachomoka. Nati ikichezacheza kabla ya kukaa, ni ya kipimo kingine. Itoe, pima kwa kaliper na geji ya nyuzi.

#39 RisasiMoja
Na mafuta ya breki ya silikoni ni DOT 5.1, siyo?

#40 SaketiMbili
Hapana! Silikoni ni DOT 5. 5.1 ni ya glaikoli kama 3 na 4. Silikoni haili rangi, ndiyo maana wenye rangi ya maonyesho wanaipenda, lakini haichanganyiki na glaikoli wala maji. Maji yakiingia yanakaa sehemu ya chini, kwenye silinda, yanatoboa hapo hapo.

#41 DerevaMgeni
Mrejesho: vakyumu haishiki mvuto, na kava ya feni haipo kabisa, nimeona matundu yake tu. Plagi za kawaida, si nyeupe. Feni ya umeme tayari imeshanunuliwa, inakuja na vijiti vya plastiki vya kupitisha katikati ya rejeta. Nifunge?

#42 MzeeKaburata
Vijiti hivyo vinasugua mirija kwa mtetemo hadi vinaitoboa. Usifunge. Diaframu kwanza, halafu taimingi kwa taa, halafu utafute kava.

#43 Nati_Kumi
Mimi bado nasema ni rejeta.